Mwiko Chini ya Mfuniko

Povu alifariki friza yake ikiwa bado ni friza tu, nyeupe, ndefu, imelala chumba cha nyuma pamoja na mifagio na ndoo. Aliinunua kwa mwenye bucha aliyekuwa anahama, akaileta nyumbani kwa mkokoteni, yeye mwenyewe anatembea pembeni ameishikilia kama bwana harusi. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Chekeni tu," aliwaambia. "Hii itatoa bia baridi kwenye koki, kama baa. Mtakuja kunipigia magoti na vikombe mkononi."

Alikuwa dobi wa hoteli, huyo Povu. Kutwa nzima anailisha mashine mashuka, na jioni anarudi nyumbani kupika bia yake kwenye sufuria kubwa ya mama yake: kimea, maji, majani makavu ya kuipa ule uchungu, hamira, halafu subira. Kwa sabuni ya kazini na bia ya nyumbani, hilo jina la Povu nani angemnyima? Mdogo wake alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Randa, hata mkewe akikasirika. Waliishi nyumba moja, Povu, Randa, mke wa Randa na Mama, na chumba cha nyuma kilikuwa ufalme wa Povu. Ukiingia bila hodi unarushiwa kitambaa.

Ugonjwa ulimpitia haraka. Na pale kitandani hospitali, mtu mwingine angezungumzia mambo ya maana; yeye alizungumzia friza.

"Nimalizie," alimwambia Randa. "Na usije ukatoboa kuta zake, wewe na drili yako! Ndani ya kuta mna mishipa ya ule ubaridi. Ukigusa mmoja tu, friza imekufa. Ng'oa mfuniko, weka fremu ya mbao juu ya kuta, mfuniko uukalishe juu ya mbao. Koki zipite kwenye mbao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka. Pumzika."

"Nitapumzika sana, usijali. Sikiliza. Silinda la gesi litakaa humo humo ndani. Gesi yake ndiyo inayotia povu na kuisukuma bia, lakini ni nzito, inatuama chini kama maji kisimani. Ikivuja, usiingize kichwa mle. Utalala na hutaamka." Akakohoa, akacheka. "Na ile bia niliyoiacha kwenye pipa, wanywe jamaa zangu wa dobi. Niliwaahidi."

Basi, akaenda. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umemharibu uso vibaya, wakubwa wa ukoo walikaa pembeni wakaamua jeneza lifungwe kule kule hospitali. Jeneza lenyewe alilitengeneza Randa. Nani mwingine angelitengeneza? Na skrubu alizikaza yeye, kwa maagizo yao. Mama alipoletwa alionyeshwa sanduku. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alilaza shavu lake juu ya mfuniko, akakaa hivyo kitambo, halafu akanyanyuka akasema twendeni.

Na hakulia. Hapo ndipo penye neno. Siku ile hakulia, na zilizofuata hakulia. Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini wa Mama ulikuwa umepotelea wapi? Anaamka, anafagia, anapika. Wakati wa kupakua anatoa sahani moja zaidi, anaitazama, anairudisha kabatini. Jina la mwanawe halitaji. Shangazi alikuja, akamchungulia, akamvuta Randa nje. "Huyu asipolia," alisema, "utamzika na yeye. Mimi nimeshaona watu wa namna hii." Nguo za Mama zikaanza kumpwaya. Randa alikuwa seremala, macho yake yamezoea kupima. Akajikuta anampima mama yake kwa macho, akajichukia.

Ndipo akaamua kuimalizia friza. Labda alitaka kitu cha kushika. Na ahadi ni deni, hasa kwa mtu asiyeweza kukukumbusha.

Sasa hapa Randa alifanya kosa ambalo seremala peke yake anaweza kulifanya. Seremala hatupi ubao. Kwenye karakana yake kulikuwa na vipande vya mbao nyekundu nzuri, vimebaki kwenye kazi fulani, vimekaa vizuri, upana ule ule unaotakiwa kwa fremu. Na kopo la vanishi, nusu. Akavibeba nyumbani.

Mkewe akasimama mlangoni. "Hizo si zile?"

"Zile zipi?"

"Unajua zipi."

"Mbao ni mbao, mke wangu."

"Ni mbao kwa asiyejua zimetoka wapi," mkewe alisema, akaondoka zake.

Akapima, akakata, akaunganisha pembe zikaumana kama vidole vya mikono miwili. Fremu ilipendeza, tusimnyime haki yake. Akaipaka vanishi akaiegemeza ukutani ikauke. Alikuwa anasafisha brashi Mama alipoingia kutafuta ufagio.

Mama alisimama katikati ya chumba. Pua zikamcheza. Akaufuata ule mnuko polepole, akaifikia fremu, akaipapasa kwa kiganja, kisha akainama na kulaza shavu lake kwenye ubao.

"Mama, vanishi haijakauka!"

Aliponyanyuka, shavu lilikuwa na alama nyekundu. "Kumbe," alisema Mama. Basi. Akachukua ufagio akatoka, na alama ile hakuiosha mpaka kesho yake.

Mtu mwenye akili angeichoma moto fremu ile. Lakini Randa alijiambia mama amechoka, akaendelea. Aling'oa mfuniko, akagandisha fremu kwa gundi ya silikoni, akarudisha bawaba juu ya mbao. Akatoboa matundu, akaingiza koki. Akaweka kile kiboksi cha kupima ubaridi, kinachozima mashine kabla bia haijawa barafu. Kegi, yale mapipa ya chuma ya bia, alizipata kwa wauza vyuma chakavu, akazisugua mpaka akajiona meno. Silinda likakaa ndani, juu ya lile jukwaa dogo linalofunika mashine. Akafunga mipira ya kupitisha gesi na bia, akahamisha bia ya marehemu kutoka kwenye pipa, akafungua gesi. Povu aliwahi kumwambia kwamba gesi nayo inahitaji siku zake za kuingia kwenye bia, huwezi kuilazimisha. Akafunga mfuniko, akaenda kuwaambia jamaa wa dobi waje Jumamosi.

Asubuhi akakuta mfuniko uko wazi.

Haukuwa wazi wa kusahauliwa. Ulikuwa umeegemezwa na mwiko, ule mkubwa wa Povu wa kukorogea kimea, ambao tangu aende hospitali ulikuwa unaning'inia msumarini jikoni na hakuna aliyethubutu kuugusa. Randa akautoa, akafunga, akaenda kumuuliza mkewe.

"Mimi?" alisema mkewe. "Mimi hata kupita mbele ya mlango ule sipiti. Mle ndani kuna mtu anavuta pumzi."

"Acha upuuzi."

"Haya, ni upuuzi. Nenda kasikilize, mwanamume."

Akaenda, maana akitajiwa uanaume Randa harudi nyuma. Mashine ya friza ilikuwa inanguruma kama kawaida. Akasimama, akajicheka. Kisha mashine ikafika kwenye kipimo chake, ikatikisika, ikazima. Na kwenye ule ukimya, kutoka ndani ya mbao zile, akasikia. *Sssss.*

Haikuwa sauti tu, la. Walipokuwa watoto, Povu alikuwa akisimama nyuma ya dirisha na kumwita hivyo hivyo, *sss*, ili watoroke wakacheze Mama asisikie. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita hivyo. Randa alitoka mle chumbani kinyumenyume, akaenda karakana, akaranda ubao usio na kazi mpaka ukawa mwembamba kama karatasi.

Kesho yake mwiko ulikuwa tena chini ya mfuniko. Akauficha karakana chini ya rundo la mbao. Siku iliyofuata ulikuwa umerudi.

Siku moja, mchana mweupe, alimjua anayeufungua mfuniko. Alikuwa amesahau patasi nyumbani, akairudia, na akiwa ukumbini akasikia mama yake anaongea. Mama huyu ambaye tangu mazishi alikuwa anajibu kwa kichwa! Alikuwa anaongea kwa raha, kama mtu anayepiga soga na jirani juu ya ukuta.

"… na mdogo wako amezidi kunenepa, anakula na chako. Mkewe ananitunza, sina neno. Lile shati lako nimelitia kiraka, sijui kwa nini."

Mashine ikazima. *Sssss*, ikasema friza.

"Eeh," Mama akajibu. "Eeh, nakusikia, baba."

Randa akachungulia. Mfuniko ulikuwa umeegemezwa na mwiko, na Mama ameinama, kichwa na mabega viko ndani ya friza, miguu imening'inia kidogo, kanga imemvuka begani. Ndipo maneno ya Povu yakamrudia kama kofi. *Usiingize kichwa mle.*

Alimrukia, akamvuta kwa nyuma, wote wawili wakakaa chini puu. Mama alikuwa anahema, macho yamelegea, anajishika pua.

"Amenipulizia," alisema. "Pumzi yake inachoma."

Akambeba nje kwenye hewa kama anavyobebwa mtoto, na alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Alipoona rangi imemrudia, akaacha chumba wazi mpaka kikapata hewa ya kutosha, halafu akachukua povu la sabuni na brashi, akapaka viungo vyote vya mipira. Na pale nati ya silinda inapoungana na saa ya kupimia gesi, povu likafura, likapasuka, likafura tena. Ni nati tu! Mjinga hakuikaza vizuri. Akatia spana. *Sssss* ikawa *sss*, ikawa kimya.

Akamwonyesha mkewe. "Si nilikwambia? Gesi."

"Sawa, gesi," alisema mkewe, lakini macho yake yalikuwa kwa Mama.

Mfuniko haukufunguliwa tena. Mwiko ulirudi msumarini. Na Mama akaacha kula. Kabla ya hapo alikuwa akidonoa. Sasa alikuwa anaisogeza sahani kwa kidole. Ile sahani ya ziada hakuitoa tena kabatini. Kutwa alikaa kwenye kigoda ukumbini, mkabala na mlango wa chumba cha nyuma, anasikiliza. Mashine ikizima, anainua kichwa. Kukiwa kimya, anakiinamisha. Randa alikuwa akipita pale anajiona mwizi.

"Umeziba kitu usichokijua," mkewe alimwambia jikoni. "Kaongee naye. Wewe na hao wazee wenu mnajua kufunga tu, kuongea hamjui."

Yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akaenda, akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Mama. Ile haikuwa Povu. Nati ilikuwa imelegea. Ilikuwa gesi."

Mama alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyerudi na jibu la mwaka jana. "Najua ni gesi, baba. Unadhani nimerukwa na akili? Nimepika kwa gesi miaka mingapi?"

"Sasa Mama…"

"Sikiliza wewe. Mwanangu nilimzaa mimi. Pumzi yake ya kwanza niliisikia mimi kabla ya mtu yeyote. Ya mwisho nani aliisikia? Ukuta wa hospitali. Mkaniletea sanduku limekazwa skrubu, mkasema Mama, huyu hapa. Kwa kuambiwa tu! Hata kuku ukinichinjia unanionyesha." Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Randa. "Nikaona umelijenga tena lile sanduku kwangu, mbao zile zile, mnuko ule ule. Nikafungua. Ndani kukawa na pumzi. Ningefanya nini, nifunge? Ilikuwa gesi, haya. Lakini ndiyo niliyopata, na hiyo nayo umeikaza."

Randa alibaki amechuchumaa mpaka magoti yakamuuma. Mikono yake ilikuwa imening'inia mbele yake, ile iliyokaza skrubu na nati, na hakujua aiweke wapi.

Akanyanyuka, akachukua spana.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Nafungua."

"Silinda ni hilo moja tu, na pa kujazia ni mbali. Jumamosi wale watu wanakuja. Bia bila gesi itakuwa maji ya kimea. Ulimwahidi kaka yako."

"Nilimwahidi yeye," alisema Randa. "Lakini huyu ndiye aliye hai."

Mkewe alikwenda kufungua madirisha, yote, akaweka tofali kwenye mlango wa nyuma usijifunge. Randa akachomoa waya wa umeme, mashine ikanyamaza. Akaegemeza mfuniko kwa mwiko. Akamwekea Mama kiti pembeni.

"Kichwa kisivuke ubao, Mama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Mama, kwa utiifu uliomuuma.

Kisha akageuza nati mpaka ikasema.

*Sssss.*

Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, nje mtu anapiga nyundo bati. Mama aliweka kiganja juu ya fremu. Akaanza kwa ugomvi, maana akina mama ndivyo walivyo. Akamgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Akamgombeza kwa sufuria yake iliyogeuka rangi, kwa mataulo mabichi kitandani, kwa yule msichana mzuri aliyemwacha akaenda kuoa friza. Mke wa Randa aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Hata Randa alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. Mama akamsimulia Povu siku aliyozaliwa, mvua iliyokuwa inanyesha, mkunga aliyechelewa, na jinsi alivyokaa kimya, kimya kabisa, mpaka akapigwa kofi ndipo akavuta hewa.

Silinda lilikuwa linashika barafu nyembamba, nyeupe, kama nyasi za asubuhi ya baridi. Sauti ikaanza kupungua. Mama akaisikia, akapunguza yake.

"Usikimbilie," alisema. "Taratibu, mwanangu. Nipo."

Randa alikuwa anaitazama saa ya gesi. Sindano ilishuka, ikashuka, ikafika kwenye sifuri, ikalala. Akasubiri sauti ikatike.

Haikukatika. Nyembamba, ya mbali, lakini ipo. *Sss.* Akakigonga kioo chake kwa kucha, sindano haikutikisika. Silinda lilikuwa tupu. Akamgeukia mkewe, akakuta naye ameiona sindano. Mkewe alimshika mkono, kucha zikamwingia nyamani. Pumzi ilikuwa inakuja, inakoma, inakuja tena, na baina ya moja na nyingine palikuwa na nafasi, na kila nafasi ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Gesi haivuji hivyo. Yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa anajua kinachovuta pumzi hivyo.

Mama peke yake ndiye hakuogopa. Aliisogelea fremu, shavu lake likakaribia ubao, lakini kichwa hakikuvuka.

"Haya, baba," alisema. "Tumeonana. Nenda."

Ikaja moja. Wakasubiri. Haikuja nyingine.

Nyundo ya nje nayo ilikuwa imenyamaza. Kisha Mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Randa aliinuka amsaidie.

"Wewe kaa," alisema Mama. "Wewe ulishafunga mara moja. Zamu yangu."

Akautoa mwiko. Akaushusha mfuniko kwa viganja viwili, polepole, mpaka ukakaa juu ya mbao. Akalaza shavu lake juu yake.

Na hapo ndipo uchungu ulipotoka. Alilia kilio ambacho Randa hakuwahi kukisikia kwa mama yake wala kwa mtu yeyote, kilio cha kutoka tumboni, akilitaja jina, siyo Povu, lile jina alilompa mwenyewe siku ya mvua. Nyundo ilianguka huko nje. Milango ikafunguliwa mtaa mzima. Watu walikuja mbio, wengine na unga mikononi, wakajaa ukumbini wanaulizana, "Kuna nini? Nani amefariki?"

Mke wa Randa aliwatokea mlangoni, macho mekundu. "Ni Povu," aliwaambia.

Na hakuna hata mmoja aliyesema, mbona huyo tulishamzika. Walivua viatu, wakaingia, wakakaa chini.